Rangi Bado Mbichi

Alikuwa mtu wa kupiga magoti. Nimemwona akipiga magoti kwenye vumbi la mbao, nimemwona akipiga magoti kwenye tope, na mara moja nilimwona akipiga magoti katikati ya barabara pale Nyamarambe, lori la miwa likimpigia honi, kwa sababu mkono wa Mtakatifu Antoni ulikuwa umechomoka ukaanguka. Lakini kumwinamia mtoto amsalimie, hapana. Kumwinamia mgonjwa amsikilize, hapana. Magoti yake yalijua mbao tu.

Sisi sote tulimwita Mchongaji. Mimi ni fundi wa nguo, na kwa miaka mingi ndiye niliyewashonea watakatifu wake majoho, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota sokoni. Nilikaa na cherehani yangu ndani ya karakana yake, upande wa dirishani, nikamtazama. Yeye aliniita Mama Cherehani. Sidhani kama aliwahi kulijua jina langu, na sidhani kama alijiuliza.

Zamani alichonga viboko. Viboko, tembo na visahani vya sabuni, kwa lile jiwe laini linalochimbwa kule Tabaka, kama wanavyofanya wanaume wengi wa pande zile. Kisha akaja kwetu Padre mmoja mzee kutoka Hispania, mtu mpole, mwenye kupenda ndizi mbivu na kuchekacheka. Padre alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za makanisa ya kwao. Humo mlikuwa na watakatifu wa mbao waliochongwa karne nyingi zilizopita, wakapakwa rangi hadi ungedhani wanapumua: macho ya kioo, machozi mashavuni, damu magotini, na majoho ya bahameli yaliyotariziwa dhahabu. Watu wa kule huwabeba mabegani wiki ile ya kabla ya Pasaka, wakipita nao mitaani huku wanalia. Padre alitamani kanisa letu lipate mmoja kama hao. Akampa Mchongaji kile kitabu akitazame. Hakukirudisha, na viboko hakuvigusa tena.

Ujuzi alikuwa nao. Nitalisema hilo mapema ili nisirudi kulisema tena. Alichonga jakaranda iliyokauka vizuri, akaipaka tabaka juu ya tabaka la chokaa na gundi aliyochemsha kwa ngozi ya ng'ombe, karakana ikanuka kama machinjio. Akapiga msasa. Akapaka rangi ya mwili, kisha akaisugua kwa kibofu cha kondoo kilicholoweshwa mate, polepole, mpaka shavu la mti liwe na ule unyevunyevu wa shavu la mtu aliyetoka jikoni. Macho aliyakata kwa vioo vya balbu zilizoungua. Ili kuyatia ilibidi apasue uso wa mtakatifu kama unavyopasua papai, ayapachike kwa ndani, kisha aurudishe. Siku ya kupachika macho alifunga, hali wala hanywi. Alisema mtu hawezi kumpa mwenzake macho akiwa ameshiba.

Lakini wale wa kuvikwa nguo, wale niliowashonea mimi, walikuwa na kichwa na mikono tu. Ukiinua joho, chini ni fito zilizofungwa kwa misumari, kama banda la kuku. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka.

"Watu wanatazama uso," aliniambia. "Nani atauliza kuna nini ndani?"

Nilitamani kumjibu kwamba kuna watu wanaouliza, lakini nilikuwa na pini mdomoni.

Alikuwa na misemo yake, na aliitoa kwa uzito, kama anayegawa komunyo. "Machozi yasiyong'aa si machozi." "Mtu huoza, mti uliopakwa vizuri hauozi." Na ule alioupenda zaidi: "Mtakatifu hakohoi." Alimwambia hivyo jirani yake mzee, aliyekuja kuota moto karakanani msimu wa baridi na kifua chake kibovu. Alimwambia akiwa amemshikilia mlango wazi, ili atoke. Yule mzee alitoka. Alikuwa ndiye aliyempa kiwanja cha kujengea ile karakana.

Halafu kulikuwa na zile karatasi za dhahabu. Dhahabu ya kweli hangeipata, kwa hiyo alitumia zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Kila asubuhi ungemkuta nje ya baa, ameinama anaokota kati ya miguu ya walevi waliolala pale. Aliwaruka. Siku moja mmoja wao alikuwa ameanguka kifudifudi mtaroni na maji yanapita karibu na pua. Mchongaji aliokota karatasi iliyokuwa kando ya kichwa chake, akaipangusa kwenye suruali, akaenda zake. Wanawake wa sokoni ndio waliomgeuza yule mtu. Jumapili ile Mtakatifu Mikaeli alikuwa na mbawa zinazowaka kama jua, na watu wakasema, tazama kazi ya Mungu.

Kuhusu rangi ya ngozi, hakuna aliyemweza. Watakatifu wake wote walikuwa wekundu wekundu, kama watu waliotoka kuogeshwa kwa maji ya moto. Padre mwenyewe alimsihi. "Wapake rangi ya watu wa hapa," alisema. Mchongaji akamtazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

"Padre, hawa si watu wa hapa."

Ukaidi wa kijinga. Lakini mtu huyohuyo, akimpeleka mtakatifu kwa miguu hadi kigango cha mbali na mvua ikamkuta njiani, alivua koti, akavua shati, akamfunika, akafika akiwa kifua wazi anatetemeka. Aliugua kwa wiki kadhaa. Na mjane mmoja maskini alipoleta msalaba wake uliovunjika mkono, alimchongea mkono mpya, akaupaka hadi mishipa, bila kuitisha chochote. Nilimsifu. Akaniambia, "Sikumfanyia yeye. Ni Yesu aliyekuwa hana mkono."

Ndivyo alivyokuwa: hata wema wake aliupitisha mbali na watu.

Sasa nije kwa mke wake. Nyaboke alitoka Masimba, kwenye familia ya Wasabato, na hata baada ya kuolewa aliendelea kuishika Sabato yake. Ijumaa jua likikaribia kuzama alikuwa amepika, amefagia, ameweka kila kitu mahali pake. Watakatifu hakuwachukia, ila hakuwapangusa vumbi. Mchongaji akiishiwa na nafasi karakanani aliwaleta nyumbani, mmoja sebuleni, mmoja jikoni, hata chumba cha kulala. Nyaboke alikuwa akiniambia, "Dada, mimi navaa nguo na mwanamume mgeni ananitazama. Na hafumbi macho."

Jioni moja ya Ijumaa alimtoa Mtakatifu Yosefu chumbani, akamweka kwenye banda la ndizi, akamfunika kwa majani makavu. Usiku mvua ikanyesha kwa upepo, banda likavuja. Asubuhi chokaa ilikuwa imevimba, uso wa Yosefu umetoka malengelenge. Mimi nilikuwa nimepita kuchukua vipimo. Nilimkuta Mchongaji amempakata yule Yosefu mlangoni kama mtu aliyepakata mgonjwa, analia. Nyaboke alikuwa amesimama uani, amevaa nguo yake ya kwenda kusali.

"Nimekosa," alimwambia. "Sikujua banda linavuja. Nisamehe, baba."

Alimjibu bila kuinua kichwa. "Umemlowesha Mtakatifu Yosefu. Nenda kwenu."

Ilikuwa siku ya Sabato, na Nyaboke hakuwahi kusafiri siku ya Sabato. Siku hiyo alisafiri. Wazee walikwenda kuzungumza na Mchongaji mara kadhaa. Aliwakaribisha, akawasikiliza, mkononi msasa ukiendelea kwenda na kurudi. Hakumfuata mkewe. Kutoka Nyamarambe mpaka Masimba mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo na bado anakuta chai ya jioni.

Miaka ikapita. Nyaboke akawa anauza avokado na ndizi kando ya barabara pale Masimba, na mimi nikienda kununua vitambaa Kisii nilipitia kwake. Hatukumzungumzia yule mtu. Kulikuwa na mambo mengine ya kuzungumza duniani.

Ndipo Padre, ambaye sasa alikuwa mzee wa kushikwa mkono, akaomba Mama wa Mateso. Yule Maria wa Ijumaa Kuu, aliyesimama chini ya msalaba, mwenye kisu moyoni. Alitaka kumwona kanisani kabla ya kurudi kwao. Mchongaji akajifungia. Hata mimi hakunifungulia. Joho jeusi nililishona nyumbani kwa vipimo alivyonisomea akiwa nyuma ya mlango. Jumatano ya juma lile takatifu aliileta sanamu kanisani ikiwa imefunikwa shuka, akaiweka, tukakusanyika akina mama wa kanisa na Padre. Akaondoa shuka.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Kisha mama mmoja akanong'ona, "Huyu ni Nyaboke."

Alikuwa yeye. Wekundu ule wa kizungu ulikuwa pale pale, lakini nyusi ni zake, na ule mdomo wa chini unaoingia ndani kidogo, na lile kovu dogo kwenye kidevu. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa ya kioo na yaling'aa kweli. Lakini si machozi yaliyonitoa jasho. Ule uso nilijua ulikotoka.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Malaria ilimchukua akiwa bado mdogo, miaka miwili hivi kabla ya habari ya Yosefu. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nyaboke hakupiga kelele. Alisimama ukingoni mwa kaburi na uso uliofunguka, sijui niseme vipi, uso ambao mtu hapaswi kutazamwa akiwa nao. Sisi wanawake tuliomshikilia tulitazama chini. Mimi niliinua macho mara moja, nikamwona Mchongaji upande wa pili. Hakuwa anatazama kaburi. Alikuwa anamtazama mkewe, kichwa amekipinda kidogo, jicho moja amelifinya, na kidole gumba kilikuwa kikisugua ncha ya kidole cha pili, taratibu, kama alivyofanya akilainisha shavu la mti. Nilidhani ni wazimu wa msiba. Sikuwahi kumwambia mtu.

Pale kanisani ndipo nilipoelewa kwamba siku ile baba wa marehemu alikuwa kazini.

Nilikwenda Masimba siku iliyofuata. Sikujua nitasemaje, nikasema tu. Nyaboke alifunika avokado zake kwa gunia, akamwomba jirani amtazamie, tukaondoka pamoja. Msabato, Alhamisi Kuu, anaingia kanisa la Kikatoliki na aproni ya sokoni. Mchongaji alikuwa ndani, anaweka mishumaa. Nyaboke alisimama mbele ya ile sanamu muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono auguse uso.

Mtu huyu hakuwa amemwona mkewe kwa miaka mingi. Hakuwa amemtumia hata salamu. Na maneno yake ya kwanza kwake yalikuwa haya:

"Usiguse. Rangi bado mbichi."

Nyaboke aliushusha mkono. Akaanza kucheka, kicheko cha chini, kisicho na furaha hata chembe, mpaka akashika benchi.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia siku ile," alisema. "Mimi nilifikiri nilikuwa peke yangu pale. Wewe ulikuwa unaniangalia, na hukuja kunishika."

Mchongaji alifungua mdomo. Ninaapa nilitaka aseme jambo, jambo lolote. Alisema, "Ni uso mzuri kuliko zote nilizofanya."

"Nimesikia," alisema Nyaboke.

Padre alikuwa amesikia yote kutoka sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare. Alikuja akijikokota, machozi yanamtoka, akamwambia Nyaboke kwamba akitaka, sanamu itaondolewa saa hiyohiyo. Mama wawili walikuwa wamepiga magoti pembeni tangu asubuhi. Mmoja alikuwa amezika mwanawe mwezi uliopita. Nyaboke aliwatazama.

"Mwacheni akae," alisema. "Hawa wamekwisha kumwambia mambo yao. Siwezi kuwanyang'anya."

Basi akakaa. Tulimbeba Ijumaa Kuu, na watu walilia kama sikuwahi kuona. Mwaka uliofuata walikuja hadi kutoka Nyamira, wanawake waliofiwa, wanawake waliokimbiwa, wakishika pindo la joho langu mpaka likachakaa nikashona jingine. Ninakiri kwa hasira kwamba nami nimelia mbele yake. Kitu kilichotoka kwa moyo mkavu namna ile kingetakiwa kuwa kikavu. Hakikuwa. Sijui nimlaumu nani kwa hilo. Mchongaji alisimama mlangoni akipokea pongezi, mikono nyuma, kidevu juu.

Padre alirudi kwao, akafia huko. Mapadre waliofuata walinunua sanamu za plastiki kutoka Nairobi, nyepesi, zinazooshwa kwa sabuni. Hakuna aliyemwagiza Mchongaji kitu. Akazeeka vibaya, na mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Nisidanganye: nilipoambiwa haoni, nilisema, vyema.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, alikuja dukani kwangu akipapasa ukuta.

"Mama Cherehani, nipeleke Masimba."

"Kufanya nini?"

"Kumwona Nyaboke."

"Wewe huoni."

Suruali yake ilikuwa imepasuka gotini na mtu aliishona kwa uzi wa gunia, pengine yeye mwenyewe.

"Basi anione," alisema.

Ningekataa. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Lakini nilitaka kushuhudia, nisijifanye mwema; nilitaka kumwona akifukuzwa. Nikafunga duka.

Masimba ilikuwa siku ya soko. Nilimshusha kwenye matatu, nikamwonyesha upande, naye akatangulia kabla sijamshika mkono. Alikuwa bado anaona vivuli. Akapita mbele ya Nyaboke kabisa, mama mnene mwenye mvi aliyekaa kwenye kigoda, akaenda kusimama mbele ya binti mmoja muuza nyanya, mrefu, mwembamba, aliyejifunga kitambaa kichwani kama Nyaboke alivyokuwa akijifunga enzi hizo.

"Nyaboke," alimwambia yule binti. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Binti akatazama huku na huku, akidhani ni mzaha. Wanawake wa soko wakageuka kutazama. Nyaboke alimtazama yule mume wake akiwa amemwinamishia kichwa mtu asiye yeye, na sikuweza kusoma uso wake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya sokoni:

"Mzee, niko huku."

Aliigeukia sauti. Alikuja akipapasa, akagonga kreti, avokado tatu nne zikabingirika. Akapiga magoti kwenye matope yale, mbele ya watu wote. Nikajiambia, haya, anaanza mazoea yake. Lakini hakusema sala. Mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa na haipati.

"Nilikuwa namwomba yule wa kanisani anisamehe," alisema mwishowe. "Kila siku."

"Alikujibu?"

"Hapana."

"Mti utajibu nini." Mteja alikuwa amefika, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nyaboke akaanza kumchagulia avokado, akiziminya moja moja karibu na kikonyo. "Mimi nilikusamehe kitambo. Nilichoka kubeba. Lakini nyumbani kwangu hutaingia, kama umekuja na mzigo wako rudi nao."

"Sikuja na mzigo."

"Sasa umekuja kutaka nini?"

Nyaboke alitia avokado kwenye mfuko wa mteja, akafunga fundo.

"Tangu tumzike," alisema, "hujawahi kulitaja jina la mtoto wangu. Kwa mazishi hukulitaja. Kwa nyumba hukulitaja. Watakatifu wote unawajua majina, na walikofia, na walivyouawa. Litaje."

Watu walikuwa wamesimama. Uso ule mgumu wa Mchongaji, uso niliouchukia miaka yote hiyo, ukafunguka, machozi yakashuka yakiambatana na kamasi, machafu, bila kung'aa. Nilijikuta natazama chini.

"Kwamboka," alisema.

Ilisikika kama mtu anayejifunza kusema. Nyaboke alikuwa amekwisha kumgeukia mteja mwingine.

"Tena," alisema.